Mwaka Nilipojichora Ukutani

Mjomba Chitanda alipofariki mimi nilikuwa Masasi, nimechuchumaa mbele ya duka la mtu, naandika ubao. Ndiyo kazi inayonilisha: VIPURI VYA BAISKELI, SALUNI, CHAKULA TAYARI, na mteja akitaka nachora na kichwa cha mwanamke aliyesukwa. Siku hiyo nilikuwa nimefika VIPURI VYA BAI. Dereva wa pikapu ya Newala akasimama, injini inanguruma, akatoa kichwa dirishani: "Mama Siwema, njomba wako hatunaye. Wanazika kesho." Nikamwambia nimesikia. Kisha nikachovya brashi nikamalizia SKELI. Kesho yake alfajiri nikamvalisha mwanangu gauni safi, tukapanda gari kwenda juu, Newala. Majirani walinipa pole wakidhani nakwenda kumzika mjomba. Mimi nilikuwa nakwenda kuhakikisha.

Tulikuta wameshazika. Wanaume wamekaa upande wa mbele kwenye mikeka, wanawake nyuma kwenye masufuria, moshi unawaingia machoni na maneno hayakatiki. Nilisalimia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, na wote waliitikia marahaba wakiwa hawanitazami mimi bali Siwema, ambaye ana miaka kumi na amechukua kila kitu changu, paji pana la uso mpaka kovu dogo kwenye nyusi, maana naye alianguka pale pale nilipoangukia mimi. Mjane wa mjomba akamvuta mtoto akamweka katikati ya magoti yake, akaanza kumpapasa kichwa. "Nywele nzuri hizi," alisema. "Nzito. Mnyoe hapa hapa kabla hamjaondoka, Mama Siwema, zinampa joto. Na mwakani si anaingia unyago?" Nikamwambia hanyolewi mtu. Nikamtoa mtoto mikononi mwake, nikaondoka naye mpaka pale lilipokuwa jiko la bibi yangu. Bibi alishatangulia zamani. Jiko lilianguka, yamebaki mafiga matatu na kipande cha ukuta kinachofika kiunoni. Nikaweka kiganja kwenye ule udongo. Chini yake nipo mimi, nimezikwa mara nyingi, uso juu ya uso.

Mwaka ninaousema ni ule ambao kila kitu kilikuwa ruksa. Mitumba ilikuwa imefika mpaka Kitangari, vijana wanavaa makoti ya baridi ya Ulaya kwenye jua la saa sita. Korosho zilikuwa zinanunuliwa na watu binafsi wenye malori yao na mizani yao, wanalipa hapo hapo, na watu waliokuwa hawajashika fedha ya maana kwa miaka walinunua redio kaseti na mabati. Mimi nilikuwa kidato cha tatu Masasi. Mmoja wa makarani wa mizani alikuwa na shati jeupe na maneno ya kutosha, na jina lake sitaliandika, kwa sababu yeye mwenyewe alipotakiwa kuliandika alipotea na lori. Mwezi wa nne metroni alitupanga mstari akatubonyeza matumbo kama anachagua mapapai. Mkuu wa shule aliniambia nikusanye vitu vyangu na kwamba nimeiaibisha shule. Shati jeupe halikuaibisha kitu. Hadi leo nikipita nje ya ile shule natema mate, na mtu akiniuliza kwa nini namwambia.

Kwetu mwenye mtoto si baba, ni mjomba. Kwa hiyo aliyekuja kunichukua ni Mjomba Chitanda, na njia nzima mpaka juu hakunigombeza hata neno moja. Alinitazama tu. Alikuwa mchongaji, anajulikana Newala yote, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu kwa jicho moja huku lingine amelifinya, kama anayepima gogo. Mimi niliona ni upole. Nilikuwa nimetukanwa na kila mtu, na huyu hanitukani, kwa hiyo nikampenda.

Akanikabidhi kwa Bibi. Siku ya kwanza Bibi aliniketisha mlangoni mwa jiko akaninyoa nywele zote kwa wembe, bila kueleza sababu, na mimi sikuuliza. Zile nywele alizifunga kwenye kitambaa akachomeka kwenye makuti ya paa, pale anapoweka mbegu. Kisha akanipa kisahani cha mbaazi na bonge la ugali wa muhogo. "Kula, njukuu wangu," alisema. "Wewe umefukuzwa, hilo tumbo halijafukuzwa." Alikuwa bibi wa kizamani kabisa, uso wote umechanjwa nembo, mistari inayopanda mashavuni kama ncha za mikuki, na kwenye mdomo wa juu lile tundu la ndonya, kile kibao cha mdomoni alichokuwa amekivua siku nyingi. Alipokunywa uji ilibidi alizibe kwa kidole. Nililala jikoni naye. Lilikuwa jiko la udongo lenye mlango mmoja na tundu la moshi, limejaa harufu ya muhogo uliolowekwa, na kuta zake Bibi alikuwa amezikandika upya kwa udongo mwekundu, laini, hauna hata ufa. Kwa mtu kama mimi ulikuwa ni mtihani. Shuleni nilikuwa nachora kila mahali, kwenye madawati, kwenye mapaja.

Bibi hakuwa na kioo. Nilikuwa na kipande cha kioo cha pembeni cha lori, nilikiokota stendi ya Newala siku tuliyofika, na ndani yake uso ulienea nusu tu: ama jicho na sikio, ama mdomo na kidevu. Nikachukua mkaa nikaanza kujichora vipande vipande nikiviunga ukutani. Wa kwanza nilijichora na sweta la shule na tai, nywele zipo. Bibi akauliza, "Huyu nani?" Nikasema mimi. "Wewe hapo uko wapi? Huyu kaondoka." Alikuwa sahihi, nikaupaka tope. Wa pili nilijichora na kipara, macho makubwa, sina mdomo. Huo ulimkera, akasema mtoto atazaliwa bila kuongea. Nikaupaka tope nao. Kisha nikajichora kama nilivyoambiwa nilivyo: midomo imepakwa rangi, gauni fupi, mkono kiunoni. Nilikaa siku nzima nikiutazama, nikaona hata huyo simjui, ni mtu aliyetungwa na mkuu wa shule. Watu wanafikiri kujichora ni kujipenda. Mimi nilikuwa natafuta yupi ni mimi kati ya wale ambao wengine walishamaliza kuwachora kabla sijashika mkaa.

Uliodumu ni ule niliojichora na nembo za Bibi. Nilimtazama Bibi akipepeta, nikachukua ile mistari ya mashavuni mwake nikaiweka mashavuni mwangu, kwa masizi yaliyochanganywa na mafuta ya korosho yale yanayounguza, na paji la uso nikalipaka udongo mweupe. Kwa sababu nilikuwa nachora kwa kutazama kioo na kumtazama Bibi kwa zamu, nilichanganyikiwa, mistari nikaipindua: ncha zake zinaelekea chini badala ya juu. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Umejichanja kichwa chini miguu juu. Hakuna mwanamke aliyewahi kuchanjwa hivyo." Nikataka kurekebisha, akanizuia. "Acha. Angalau huyu ni wako."

Hapo ndipo Mjomba Chitanda alipoanza kuingia jikoni. Mwanaume mzima haingii jikoni kwa mama yake kukaa, anakula barazani, analetewa. Yeye akawa anakuja kuwasha kiko chake kwenye mafiga, na kiko hakiwaki upesi. Alisimama mbele ya ukuta, jicho moja limefinywa. "Paji hili umelipatia," alisema mara ya kwanza. "Lakini kope zako si hivyo. Kope ni ngozi, inalala juu ya jicho kama shuka. Tazama." Akachukua mkaa mkononi mwangu, akavuta mstari mmoja tu, na jicho likanitazama. Sijawahi kusahau ule mstari. Kila mwanamke aliyesukwa kwenye mabango ya Masasi anatazama kwa kope ile, na ninamchukia kwa kila moja.

Akawa mwalimu wangu, au mimi nilidhani hivyo. Aliniletea mkaa wa mti laini usiokwaruza. "Jichore ubavuni, mpwa wangu." Nikajichora ubavuni. "Jichore umeinama." "Jichore na tumbo, usilione haya." "Sasa jichore umelia." Nikamwambia silii. Akasema, "Utalia. Chora." Alipima kwa vidole, shubiri kutoka kidevu mpaka paji, shubiri kutoka sikio mpaka sikio, kwanza ukutani, halafu siku moja usoni pangu, na vidole vyake vilinuka nta. Kwa wiki kadhaa nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilifikiri mimi ndiye msichana wa kwanza anayefundishwa na mchongaji, kwamba mtoto akizaliwa nitashika tezo nichonge kama yeye. Bibi peke yake hakufurahi. Mjomba akiingia, yeye anachochea kuni zisizohitaji kuchochewa. Jioni moja nilitazama kwenye makuti, kile kitambaa cha nywele zangu hakipo. Nikamuuliza. "Panya," alisema, na hakuniangalia.

Mwaka huo kulikuwa na fedha, kwa hiyo na ngoma ilikuwa kubwa. Vijana wa jando walikuwa porini, wangetolewa mwezi wa nane, na wakitolewa huchezwa midimu. Midimu ni vinyago vinavyotoka porini. Mwanamke anatakiwa aamini kwamba ni wafu wamefufuka. Wakitokea, wanawake na watoto wanapiga mayowe na kukimbia, na mwanamke yeyote haruhusiwi kusema kwamba ule ni mti, kwamba umechongwa, kwamba kuna mtu ndani. Akisema, si yeye tu anayeadhibiwa, ni nyumba nzima. Mimi niliyekulia Masasi nilidhani wanaamini kweli. Hadi mchana mmoja tulipokuwa tumekaa nyuma ya nyumba tukimenya ming'oko, vile viazi vya porini, Bibi na rafiki yake Bi Somoe na wengine wawili, wakawa wanasimulia ngoma iliyopita.

"Yule wa pili alinifukuza mpaka kisimani," alisema mmoja.

"Si ulikuwa unakimbia taratibu umsubiri," alisema Bi Somoe. "Kisigino chake kina ufa. Ule ufa naupaka mafuta mimi kila Ijumaa."

Wakacheka kimya kimya, mabega yanatikisika. "Somoe, utatufungisha," alisema Bibi.

"Nimesema nini? Nimesema mzimu ana kisigino."

Nikauliza, kama mnajua, kwa nini mnakimbia? Bibi akaendelea kumenya. "Wao kazi yao kuchonga," alisema, "sisi kazi yetu kukimbia. Tusipokimbia watakuwa wamevaa mti tu, watu wazima, juani. Unajua mwanaume aliyeaibishwa hivyo anafanya nini?"

Siku yenyewe ilikuwa na vumbi na upepo wa baridi ule wa Newala. Kiwanja kimejaa, redio kaseti zinapigana na ngoma, vijana wamekunywa pombe ya uraka. Nilikuwa na mimba ya kukaribia kujifungua. Nilisimama na wanawake, Bibi mbele yangu. Wakatoka midimu wawili wa kawaida, mmoja Mzungu mwenye pua nyekundu, mwingine mzee mwenye upara, tukakimbia, tukarudi, tunacheka na kupiga mayowe. Halafu ngoma ikabadilika, ikawa nzito na ya polepole, na kutoka kwenye miti nikatoka mimi.

Nasema nilitoka mimi kwa sababu sina neno lingine. Aliyevaa alikuwa amefungwa nguo mpaka vidoleni, na kifuani amefunga ubao uliochongwa matiti na tumbo la mimba, kitovu kimetokeza kama changu. Juu yake uso wangu. Paji pana, kovu la nyusi, kope ile iliyolala kama shuka. Nywele zilizobandikwa kwa nta zilikuwa nywele zangu. Na mashavuni, kwa nta nyeusi, nembo ambazo hakuna mwanamke aliyewahi kuchanjwa, ncha zake chini. Kosa langu. Kama ningekuwa na shaka lolote, lile kosa lililimaliza. Kule jikoni Mjomba hakuwa ananifundisha. Alikuwa ananisimamisha, nijipime mwenyewe, nijilize mwenyewe, nimkabidhi.

Mdimu ule ulicheza mimba. Ulishika kiuno, ukatapika, ukaketi kama anayetafuta kivuli. Halafu ukaanza kumtafuta baba: unamwendea huyu mwanaume, unamgusa tumbo halafu unajigusa tumbo, anatikisa kichwa, unaenda kwa mwingine. Kiwanja kizima kilicheka. Walikuwa wanautazama uso wa mti, halafu wananitazama mimi, halafu wa mti. Hakuna aliyetamka jina langu, na hakuna ambaye hakulijua. Na mimi nilikuwa na la kusema, tena lilikuwa la kweli: huyo ni mimi, nilimchora mimi, ameibwa ukutani kwetu. Lakini kusema hivyo ni kusema kwamba ni mti. Mjomba alinifunga kwa kamba ya watu wote. Angeweza kuchukua uso wangu mchana kweupe na mimi ndiye ningekuwa mkosaji kwa kuutambua.

Ukanijia. Wanawake wakakimbia, mimi nikabaki. Miguu ilikataa, na hasira ikaikubalia. Bibi alinivuta kanga, "Kimbia, njukuu wangu, kimbia," nikaibakisha kanga mkononi mwake. Tumbo likasimama mbele ya tumbo. Ngoma ikapungua, wapigaji wanatazama. Mimi sikusema neno lolote lililokatazwa. Nilikunja ngumi, nikagonga lile tumbo, ngo, ngo, ngo, kama mlango. Nikasema, "Hodi."

Ngoma ilikoma. Sauti ya mti ilisikika mpaka mwisho wa kiwanja, na hakuna aliyeweza kujifanya hakuisikia. Aliyekuwa ndani alisimama ameganda, nikasikia pumzi yake. Nikawaona wazee wananyanyuka kwenye viti. Nadhani ningepigwa pale pale, na sijui mtoto wangu angekuwa wapi leo. Aliyeniokoa ni Bibi. Alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu mzima, akakimbia na magoti yake yale mabovu, ameshika kichwa, kana kwamba sasa hivi tu wafu wamefufuka. Bi Somoe akalidaka lile yowe. Wanawake wote wakalidaka, wakatimua vumbi, wakanikumba wakanibeba katikati yao, na wapiga ngoma hawakuwa na la kufanya ila kupiga.

Bibi aliingia jikoni, akakanyaga udongo, akakandika ukuta wote jioni ile ile, mikono imejaa tope mpaka kwenye viwiko. Nililia nikimwambia aniache. Alifuta kila mmoja wangu. "Asikuone tena," alisema. "Hata wewe usijione." Akachukua na kipande changu cha kioo, sikukiona tena. Asubuhi Mjomba Chitanda alikuja na hakuingia. Alikaa kizingitini, mgongo kwetu, kiko mkononi, hakijawashwa.

"Shikamoo, mjomba," nilisema, maana ndivyo nilivyolelewa.

"Marahaba." Akakigeuza kiko mkononi. "Umebisha hodi tumboni mwa wafu, mpwa wangu. Sasa subiri uone atakayekuitikia."

Nikamwambia, "Ile ni sura yangu."

"Sura ipi? Mwanamke anajua nini habari za midimu?" Hata hakugeuka. Akanyanyuka akaenda zake, na tangu siku hiyo hadi alipokufa hatukuongea.

Maneno yale yalinikalia. Nilikuwa msomi wa kidato cha tatu, nilijua mtoto anapatikanaje na anakaa wapi, na bado niliamka nikiweka mkono tumboni nikisubiri kitu kigumu. Kila mtoto alipocheza nilisikia ngo, ngo. Aliponyamaza ilikuwa mbaya zaidi. Watu walipokea habari kwa adabu yao: kwenye foleni ya maji walinipisha mbele ili niondoke upesi, na aliyezoea kuniletea korosho za kukaanga akaacha. Hospitali ya Newala nilijifungua mchana, na mtoto akatoka kimya. Muuguzi alimpindua, akampiga mgongoni, akamsafisha mdomo, akampiga tena. Mimi nilikuwa nasikia ule mti tu. Bibi amesimama mlangoni, kidole amekiweka kwenye tundu la mdomo kama anayekunywa uji. Halafu mtoto akalia, kwa hasira, sauti ya kukwaruza. Bibi akakaa chini kwenye sakafu. "Haya," alisema. "Kaitikia mwenyewe."

Ndiyo maana tangu Siwema alipoanza kutembea naishi Masasi, na nikipanda Newala na Siwema napanda siku ya gulio tu, nauza mabango madogo, nashuka. Mjomba nilimwona huko mara nyingi. Alikuwa akisimama mbali, ng'ambo ya wauza mitumba, jicho limefinywa. Nilidhani anaona aibu.

Pale matangani, nikiwa bado na kiganja kwenye ukuta wa Bibi, ndugu yangu Bakari akanijia. Ni mtoto wa mama yangu mdogo, yeye ndiye aliyerithi tezo na patasi za mjomba. Alikuwa na gunia. Tukasalimiana, akamtuma Siwema akachukue maji. Kisha akaweka ngumi chini ya kifua chake, hapo mfupa unapoishia, akagonga mara tatu taratibu. "Panauma mpaka leo, dada," alisema. "Ulikuwa na mkono mzito." Nikaelewa nani alikuwa ndani. Nikataka kumpiga, na nikataka kucheka, na sikufanya hata kimoja.

"Baada ya siku ile hakuna aliyekubali kukivaa kile kinyago," alisema. "Wenye malori ya Dar walikuja, mjomba akauza vyote, vya babu zake mpaka vya kwake. Hiki walikitaka kuliko vyote, akakataa. Akawa anakichonga."

"Anakichonga vipi, si kilikwisha?"

"Kila akitoka gulioni siku ambayo wewe umepita. Anakaa anakipunguza kidogo kidogo. Utaona."

Nikaona. Niliutoa uso wangu kwenye gunia, na haukuwa ule wa msichana. Mashavu yamekwanguliwa yakaingia ndani. Mkunjo kati ya nyusi, ule ninaouona asubuhi nikinawa. Nywele zangu za usichana zimekwisha kunyonyoka. Nembo za nta zimekwanguliwa, na chini yake zimechongwa zile zile kwenye mti wenyewe, ncha chini. Miaka yote nimejidanganya kwamba nimetoroka, na kumbe kila nilipopanda nilikuwa nakwenda kusimama mbele yake, anipunguze. Tena ilikuwa kazi nzuri. Hilo ndilo ninaloshindwa kulimeza. Hakuna aliyewahi kunitazama hivyo, si yule karani, si mama yangu. Nimejichora mara ngapi tangu hapo, na sijawahi kujifikia kama yule mwizi alivyonifikia.

Bakari hakuondoka. Gunia lilikuwa bado na kitu. "Na hiki," alisema, akitazama chini. "Wazee wameniambia nikimalizie mimi. Ni cha mwakani, cha kuwatoa wari wa unyago. Yamebaki macho tu. Na nywele."

Kilikuwa kidogo, mti bado mweupe, una harufu ya mbichi. Paji pana. Kovu la nyusi, upande ule ule. Mdomo wa mtoto ambao haujajua utasema nini. Pale penye macho palikuwa bapa, pamechorwa kwa mkaa mistari miwili ya kope.

Bakari hakunyoosha mkono kunizuia. Cha kwangu nilikifunga kwenye kanga. Nipo nacho hapa chumbani, kimetazama ukuta, na siku nikiweza nitakigeuza. Kile kidogo nilikishika mkononi, wazi, sikukificha, nikakatiza uani mpaka kwa wanawake. Nikapita mbele ya mjane, ambaye alikuwa amemweka Siwema tena magotini, wembe uko kwenye bakuli la maji pembeni yake. Walikiona wote. Nikachuchumaa kwenye sufuria la wali, nikakisukuma kwenye mafiga, uso juu.

Hakuna aliyepiga yowe, na hakuna aliyekimbia. Visu viliendelea kukata vitunguu. Mti ulikuwa mbichi, ulifuka moshi, ukatoa mapovu, haukutaka. Nikasikia mgongoni mwangu maji yanamwagwa kutoka kwenye bakuli la wembe, na Siwema anakuja kusimama karibu yangu, nywele zake zipo. Bi Somoe sasa haoni vizuri, anatembea kwa fimbo. Alisogeza kigoda chake, akainamia moto kama mtu anayeangalia wali.

"Geuza," alisema. "Upande huo haujashika."